Jirani wa Mkabala

Ghubra, Maskati

Kaka yangu mpenzi Ghaith,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto limetufungia ndani na kiyoyozi cha ukumbini kinakohoa kumshinda Mama. Shemeji hajambo huko Marekani? Na mwanao Noof, bado anaendesha ile baiskeli yake?

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza Ijumaa, sote mezani. Ulisema yule mzee wa mkabala, aliyemfundisha Noof baiskeli, amefariki, nawe hukwenda kutoa mkono wa taazia kwa kuwa yeye alichomeka bango la chama kile mbele ya nyumba, na wewe umechomeka la chama chako. Ukacheka. Mama akaacha kula.

Mwalimu wa historia mie, nikajitia kimbelembele. Nikamweleza kwamba Wamarekani ndivyo walivyo: rais wao wa kwanza aliwaonya juu ya vyama, nao wakaviunda yeye angali hai. Vingine vikafa. Kimoja kikazaliwa kupinga utumwa, kingine kikawatetea mabwana wa watumwa, kisha miaka ikapita, wafuasi wakahama huku na huku mpaka vikawa kama vimebadilishana nyumba. Leo wapo wazazi wasiotaka mtoto wao aoe upande wa pili. Nilidhani namtuliza.

Mama akaniuliza jambo moja tu, kama bado wanazikana. Hapo, kaka, hofu ikaniingia.

Unajua kwetu siasa haitajwi. Siku zote tumeambiwa babu alikufa kwa homa huko Unguja. Haikuwa homa. Mama alitusimulia huku ameshika ukingo wa meza. Zama za siasa watu walisusiana maduka, harusi, hata maziko. Babu alikuwa wa chama cha Hizbu, jirani wa mkabala wa Afro-Shirazi. Binti wa jirani yule, mwenzake Mama katika michezo, akafariki. Babu akakataza mtu yeyote kwenda, na jeneza lilipopita akafunga mlango. Yalipokuja mapinduzi, watu wenye silaha, wageni wa mtaa ule, walimkuta jirani barazani wakamuuliza nyumba ile ya mkabala ni ya nani. Neno lake moja jema lingewapitisha. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Babu alichukuliwa, hakurudi tena.

Mama hamlaumu jirani yule. Anasema mlango tuliufunga sisi kwanza.

Naogopa, Ghaith. Usinambie huko ni Marekani, kuna sheria. Babu naye alisema kuna sheria.

Mdogo wetu Balqis na watoto wanakusalimu sana. Mama pia anakusalimu, ila simu hataki kuishika, ndiyo maana nakuandikia. Anasema bango libaki au ling'oke, shauri yako. Lakini chukua sahani ya chakula, uvuke barabara, umpe mkono mjane wa mzee yule. Tangu Ijumaa, kila akimaliza kusali magharibi, ananiuliza kama umeshavuka.

Nduguyo akupendaye,
Hamdiya