Kwayeti na Sailenti

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Wenzio wa bweni huko Songea wasicheke: mdogo wa bibi yako ni bibi yako, hata kama bado ananyonyesha. Hapa Kaole tu wazima, goti la bibi yako mkubwa lina nafuu, na mihogo tumeanza kuing'oa.

Umeniuliza kama lile neno "kwayeti", aliloandika mwalimu kwenye ripoti yako, ni sawa na "sailenti". Kiingereza changu unakijua, lakini maneno hayo mawili nilikutana nayo wodini, siku niliyomzaa Mwanaidi. Alizaliwa halii. Daktari akasema, "Sailenti." Mimi sailenti naijua ya simu: haisikiki, lakini ndani inaita. Nikaishikilia hiyo, huku namwomba Mungu. Mara mtoto akalia, alhamdulillahi.

Baadaye akanyonya, akalala. Nesi akapita, akasema, "Oo, kwayeti!" Nikashtuka, maana shuleni kwetu "kip kwayeti" ilikuja na fimbo.

"Nesi, kafanya kosa gani tena?"

Akacheka. "Mama we, hata siku hajamaliza duniani, atakosa nini? Ametulia, kashiba."

Basi mimi nimeelewa hivyo: mmoja ametulia, mwingine hajasikika bado. Lakini kwa nje wote wako kimya, na mwalimu anakuona kwa nje. Tangu uniambie habari ya ripoti sina raha, mjukuu wangu. Nakuombea iwe kwayeti kweli. Ila niambie mwenyewe, hata kwa mstari mmoja: umetulia, au unaita na sisi hatusikii?

Bibi yako mdogo,
Mwanahamisi