Jina Langu Kwenye Orodha ya Waliopotea

Katubuka, Kigoma
9 Agosti 1998

Mpendwa Baba, Mzee Yona,

Shikamoo Baba. Mama Leonia naye mpe shikamoo yake kamili, asije akasema nimemruka. Sisi huku hatujambo. Verediana alishikwa na homa wiki mbili, lakini tangu juzi ameanza kunigombeza tena, kwa hiyo tunajua amepona. Je, mguu wako unaendeleaje? Nasikia umerudi mtumbwini. Mguu ule hausikii ushauri, na mwenye mguu naye ni hivyo hivyo. Mihogo aliyotuletea Pastory ilifika, ingawa gunia lilikuwa limepungua. Pastory anasema huko kwenu Ilagala mamba siku hizi wanakula mihogo. Tumemsamehe.

Barua hii pia anakuletea yeye. Nakuomba uisome kwanza peke yako, ndipo umsomee Mama.

Mji umejaa, Baba. Tangu vita ya ng'ambo ianze, maboti yanashusha watu kutoka Kongo kila wiki, na mimi bado nipo na kazi yangu ile ya kuandika majina ya ndugu waliopotezana. Mwezi wa sita alikuja bibi mmoja wa Kibembe, jina lake Safina, anamtafuta mwanawe aliyekuwa askari. Nilipomuuliza jina la kijana akanipa mawili, la nyumbani na lile alilojiandikishia jeshini. Nikamwambia kwamba watu wengi hulificha hilo la pili kwa kuogopa mambo ya serikali. Akanishangaa sana. Alisema, kwa Kiswahili chao, kwamba mtoto ukimficha jina, nani atamuona? Nilishindwa kuandika. Nilijifanya kalamu imekwisha wino, nikatoka nje nikasimama juani mpaka machozi yalipokauka.

Wiki tatu baadaye wakaja maofisa wa jeshi kuhakiki majina ya askari na wanamgambo ambao hawajulikani walipo tangu vita ya Kagera. Orodha ilibandikwa ukutani pale wilayani. Nilikwenda na kundi la wazee, nikasoma kwa kidole kutoka juu. Jina la mwanao Anatoli halikuwamo. Nilijua halitakuwamo. Mstari wa kumi na saba palikuwa pameandikwa Selestini Yona, mwanamgambo, Kigoma, ndugu hawajajitokeza. Baba, nilisoma habari za kupotea kwangu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili.

Kwenye benchi palikuwa na mtu wa Ujiji aitwaye Jumanne, ambaye alirudi kutoka vitani na mkono mmoja. Alikuwa akimweleza ofisa habari za huyo Selestini. Alisema walikuwa kikosi kimoja, kijana mcheshi, mwimbaji wa nyimbo za wavuvi, ambaye usiku akiota alikuwa akivuta nyavu. Aliwaambia wenzake kwamba aliacha shule darasa la tano ili avue badala ya baba yake aliyeumia mguu, na hakulisema kwa kulalamika, alijisifu. Huko Uganda, Jumanne alipojeruhiwa, kijana huyo alimbeba mgongoni hadi kwa wenzao, akamweka chini, kisha akarudi kumfuata mwingine aliyekuwa akiita. Mizinga ikapiga upande ule. Hakuonekana tena, na hakuna aliyeweza kwenda kumwokota. Jumanne alisema miaka kumi na tisa anatafuta wazazi wa Selestini awashukuru, na kila akiuliza anaambiwa Selestini Yona yupo mjini, mzima, ana watoto. Akadhani ni mtu mwingine wa jina hilo.

Sasa unanielewa, Baba. Najua umekwisha kunielewa, lakini lazima niyaandike kwa mkono wangu.

Mwaka ule wa sabini na nane aliyeitwa vitani ni mimi. Nilikuwa nimepita mafunzo ya mgambo hapa mjini, na jina langu likasomwa. Verediana alikuwa na mimba ya kwanza. Niliogopa, Baba. Ningeweza kusema niliogopa kwa ajili ya mke wangu, lakini nilijiogopea mwenyewe. Anatoli alikuwa amekuja kuuza dagaa, akanikuta nimejifungia chumbani nalia. Akacheka, akasema yeye hana mke wala mimba, nimpe cheti changu cha darasa la saba aende yeye. Nikampa. Hata sikumbishia. Pale stesheni walisoma jina, aliyeonyesha cheti akapanda treni. Wewe nilikuambia amejiandikisha kwa jina lake, kwa hiari yake.

Vita ilipokwisha ulitoka Ilagala na mguu wako ule mbovu, nikakusindikiza hadi Tabora kumuulizia. Ulisimama kwenye dirisha la ofisi ya jeshi ukawatajia Anatoli Yona, wakapekua, wakakuambia hawajawahi kuwa na mtu huyo. Mimi nilikuwa nyuma yako, hatua mbili. Neno moja tu lingetosha. Nilifikiri kifungo, nikafikiri kazi, nikanyamaza. Kwenye treni ulisema Anatoli amekudanganya, amekimbilia Burundi kama mwizi, na tulipofika nyumbani ukakataza jina lake lisitajwe. Watu kijijini wakayasema yao. Mama akawa anamlilia shambani, mbali na wewe. Yote hayo niliyaona, na nikaendelea kula ugali wako.

Ijumaa nilirudi kwa yule ofisa nikamweleza kila kitu, Jumanne akisikiliza. Jumanne alinyanyuka akatoka bila kuniaga. Ofisa alisema kosa langu litaangaliwa, na huenda nikashitakiwa. Nimesema nitakuwapo. Ila jina haliwezi kubadilishwa kwa maneno yangu peke yangu, maana mimi ndiye niliyedanganya. Anahitaji baba mzazi aje atie sahihi kwamba aliyekwenda ni Anatoli. Mwisho ni tarehe 24. Wakiondoka bila sahihi yako, jina langu litabaki mle, na Anatoli atabaki mtu ambaye hakuwahi kwenda popote.

Nakuomba uje, Baba. Usije kwa ajili yangu. Ukitaka usinisalimie, usinisalimie, nitasimama nje. Ukinifukuza kwenye boma lako nitakuwa nimestahili. Mama aambiwe leo hii kwamba mtoto wake hakukimbia, na wala hatarudi, ili amlilie uani kwake, watu wakae matanga, jina lake litajwe wazi. Jumanne ameniletea ujumbe kwa mdomo wa mtu mwingine. Anasema mkikaa matanga atakuja Ilagala, hata kwa kutambaa. Mimi hakunitaja.

Verediana amejua jana. Tangu hapo hanigombezi tena. Anakuamkia, na wajukuu wako wote wanakuamkia, naye yule wa kwanza, aliyekuwa tumboni, sijui nitamwambiaje. Wasalimie majirani na wote wa kanisani.

Mungu akupe nguvu ya safari.

Ni mimi mwanao, niliyeitwa nisiende,

Selestini