Mama Anataka Kunywa na Karatasi ya Mchina

Mpendwa Bi Nasriya wa ukurasa wa ushauri, kabla ya yote nakuomba unifichie kila neno la barua hii, jina langu usilitamke hata chumbani kwako, kisha nisaidie.

Mimi ni karani wa forodha hapa Maskati, tulihama Unguja baada ya mapinduzi, mimi na mamangu tu, na tangu Shaabani mama kila akisimama dunia ikimzunguka, hata siku moja akaangukia jiko la mkaa, nikampeleka hospitali, daktari akasema ni presha akampa vidonge, na wiki hiyo hiyo mama mdogo Bakhita akatuletea kwa msafiri mizizi aliyopewa na daktari wa Kichina kule Unguja, mikavu kama viazi vilivyosahauliwa, yanuka zizi la punda, nikaichemsha mama akanywa, na wallahi sasa anapika, anaswali wima, nami namstaajabia daktari huyo ambaye mgonjwa hata hakumwona.

Lakini mizizi ilifungwa kwa karatasi ya maandishi ya Kichina, na siku hizi hapa, kwa kuwa Wachina wasemekana kuwapa silaha waasi wa kusini, mtu akikutwa na kitu cha Kichina huulizwa maswali, nikataka kuichoma, mama akakataa, maana amelelewa kwa kombe, aya za zafarani zioshwe zinywewe, akaniambia: "Dawa haichomwi moto, mwanangu. Iroweke nnywe na maandishi yake. Wewe wajuaje kama nguvu haimo humo?" Na vidonge kaviacha, asema vya nini tena. Nimwambie daktari? Naye akinisema kwa wakubwa?

Nijibu kwa jina la Karani Mwoga. Gazeti nalipata kwa Ishaq muuza bizari, Mutrah.

*

Karani Mwoga, mpe mama salamu zangu. Aliyeangukia jiko akainuka na kubishana anastahili sifa. Mizizi hiyo nami naiheshimu: Wachina wanatibu kizunguzungu kwayo tangu kabla ya babu wa babu zetu, na watu hawashiki kitu karne nyingi kwa upumbavu. Ila ukongwe si ushahidi. Ushahidi ni wagonjwa wengi, hawa wapewe mzizi, wale wasipewe, kisha watazamwe wote, na kwa mzizi huu mimi sijaona kazi hiyo ikifanywa sawasawa. Wewe ulimpa mama mzizi na vidonge wiki ile ile, shukrani ukampa mmoja. Umesoma, hukuliona hilo? Na kizunguzungu kikiondoka, presha yaweza kubaki kimya. Haibishi hodi.

Mama mwambie kombe ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Hayo ya Mchina pengine yasema "chemsha, chuja", kwa wino wa kiwandani. Karatasi ichome. Vidonge avirudie leo. Kisha mpeleke kwa daktari apimwe, na kipande cha mzizi mkononi, useme wazi kwamba anakunywa hiki. Mzizi hauna pasipoti. Daktari akisema uachwe, uacheni.

Halafu niandikie hapa gazetini Mombasa, kwa jina lile lile, unambie presha ya mama imefika wapi. Khofu yako usiniandikie tena, hiyo nshaijua.