Mama Hakatazwi

Timau, Agosti 2003

Mpendwa Ciakuthii,

Huku ngano imeanza kuvunwa. Baridi ni ileile, nami bado naiota Kiambere, kabla maji ya bwawa hayajafunika shamba letu.

Umeniuliza kama uache kazi ya ualimu hapo Meru ukasomee shahada ya uzamili. Jumapili baba yako alikuja kuniomba nikukataze. Nikamwambia, "Nyaga, huyu tulimpa jina la mama yetu, na tangu azaliwe tunamwita mama. Mama hakatazwi na wanawe."

Akacheka. "Sawa, mzee. Na mama huwaacha wanawe?"

Ana haki ya kuuliza. Wadogo zako wanasoma kwa mshahara wako, na dawa zangu unaniletea wewe. Kusema kweli mimi pia sitaki uende.

Kwa hiyo usingoje turidhike. Hatutaridhika mwaka huu wala mwaka ujao, na chuo hakitakungoja. Andika barua ya kuacha kazi kabla hujaja kutusalimu, maana ukituona tu, utabaki.

Baba yako mkubwa,
Ireri