Barafu au Mchanga

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mchanga tena. Gari la kiwanda limefika mwaloni Igombe, tunakoshushia samaki, dereva kafungua kufuli, kasha langu limejaa mchanga mbichi mpaka juu. La jirani yangu Mzee Magesa, barafu tupu. Bila barafu, nusu ya sangara wangu wamekataliwa, wameishia kwa akina mama wa kukaanga. Namchukia Kaijage.

Jumanne, 7 Machi
Niandike, labda kichwa kitapoa. Kaijage ni mnunuzi wa kiwanda, kule Nyakato. Jioni anapita mwaloni, anasalimia, anatutazama usoni, anaondoka. Kisha makasha yanaletwa, moja kwa kila mwenye mtumbwi, yamefungwa kufuli. Akiona kesho utampa samaki wote, anakuwekea barafu. Akiona utamuuzia samaki wakubwa yule mtu wa Sirari, mpakani, anayekuja alfajiri na pikapu (tunamwita Sirari tu), anakuwekea mchanga. Uzito uleule. Nimeligonga kasha, nimelitikisa, wapi. Ufunguo unakuja asubuhi, Sirari ameshaondoka. Tangu vuli sijaona Kaijage akikosea.

Hesabu yangu hii. Nashusha arobaini. Watano nikimpa Sirari wananilipa kama saba wa kiwandani. Kukiwa na barafu napata arobaini na mbili. Nisipouza pembeni, arobaini. Kukiwa na mchanga nusu wanaharibika: ishirini na nne na ushee kwa aliyeuza pembeni, ishirini kwa asiyeuza. Kotekote kuuza pembeni kuna faida. Na kasha limeshafungwa! Barafu haiwezi kugeuka mchanga eti kwa sababu nimeuza samaki watano.

Magesa, asiyejua hata kujumlisha, anapata arobaini kila siku. Mimi ishirini na nne.

Mpumbavu nani?

Ijumaa, 10 Machi
Kiwanda kimetangaza: ambaye samaki wake wataendelea kukataliwa mpaka Pasaka, mashine ya mtumbwi waliyomkopesha inarudi kwao. Nilianza na beseni la dagaa kichwani. Sirudi kwenye makasia.

Jioni nikamfuata Kaijage mbele za watu. Nikamuuliza kama ananiroga. Akacheka.
"Nikuroge wewe, Mama Kulwa? Wewe unasomeka kama kibao cha duka."
"Basi kesho nakupa wote."
"Haya mama. Tutaona."

Jumamosi, 11 Machi
Alfajiri nikalitazama kasha. Nikawaza: kilichomo kimo. Nikauza watano.
Mchanga.

Jumatatu, 13 Machi
Leo nimemtegea. Nimeamua kwa kurusha sarafu ya mia: kichwa nauza, swala siuzi. Sarafu ataisomaje? Ikaangukia swala. Sikuuza hata mmoja. Nimesimama kando ya kasha nikijisifu, dereva akafungua.
Mchanga. Ishirini kamili, hasara kubwa kuliko zote.
Dereva ananiambia, "Kaijage kasema, anayecheza kamari barafu yake akaitafute Ulaya." Mwalo mzima ukacheka. Hata Magesa. Shikamoo yangu kesho hataipata.

Alhamisi, 16 Machi
Jana jioni Kaijage alinisalimia, nikamjibu nikitazama maji. Nilishaamua kuuza. Kama ni mchanga, afadhali ishirini na nne.

Alfajiri Sirari kashuka kwenye pikapu yake. Salamu hakuna. Kaingiza mkono kwenye lundo langu, anavuta wakubwa, anamwambia mwenzake, "Hawa hatupandishi bei. Huyu mama wetu, Kaijage kashamtupa, ataenda wapi?"

Sijui maneno niliyotoa. Yalikuwa mabaya. Nimemnyang'anya samaki wangu mikononi, nimempiga na mkia wa sangara, nimemwambia akisimamisha gari tena mbele ya mtumbwi wangu nitavunja kioo. Ameondoka anatukana, na mimi nikamsindikiza na yangu.

Gari la kiwanda likafika. Barafu. Mpaka juu.

Nimeingiza mkono mpaka ukafa ganzi. Kasha lilifungwa jana. Hasira imenishika leo. Jana nilikuwa muuzaji wa pembeni, naapa. Alionaje? Ningemkuta pale ningempiga na yeye.

Jumapili, 19 Machi
Barafu tena. Arobaini wamepokelewa wote. Mashine yangu hawaichukui tena.

Sirari amepita bila kupunguza mwendo. Nimemhesabia: faida yangu ya samaki wawili imekwenda naye. Hesabu yangu haina kosa, mpaka leo sijaona kosa.

Nimemwamkia Magesa. Kaitikia.

Jioni kasha limeletwa. Kaijage kasalimia, kapita. Nimelikalia, nikala viazi vyangu. Sikuligonga.