Koti Limerudi Nyumbani

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na wale watundu wangu, bado wanakuvuta ndevu? Huku tu wazima, ila mama goti linamsumbua. Mdomo ndio mzima kabisa, na kila siku unakutaja. Cherehani yangu nayo haipumziki.

Kubwa ni kwamba njia ya kilimani imefunguka. Watu wanapita hata na mbuzi wao, hakuna anayewagusa. Najua utasema nakudanganya, maana uliapa hutakanyaga tena pale uliposimamishwa ukavuliwa koti, ukaingia nyumbani unatetemeka, na sisi, Mungu atusamehe, tukakucheka.

Lakini wale vijana waliokuvua, kaka, hawakuzaliwa na marungu mkononi. Babu zao walilima bondeni, mpaka tajiri wa shamba kubwa alipolizungushia bonde seng'enge, mto na wote ndani, wakabaki juu kwenye mawe. Njaa haina adabu. Babu akaiba ng'ombe wa tajiri, watu wakampigia makofi. Mwanawe akateka malori ya tajiri, watu wakanyamaza. Mjukuu akakuta malori yana walinzi wenye bunduki, akageukia wapita njia. Hapo ndipo sote tukaanza kupiga kelele! Basi mwaka jana tajiri kashindwa kesi ya bonde mahakamani, seng'enge imeng'olewa, na vijana wanalima vitunguu. Wanalalamika kwamba jembe linachubua kuliko rungu.

Utauliza nimeyajuaje. Kabla ya kesi kwisha, kijana mmoja mrefu aliingia kibandani kwangu na koti, akataka nilipanue mabega. Kuligeuza tu, lo! Bitana ya pazia la mama, na mshono wangu mwenyewe! Mafundi wote hawa, yeye kamletea aliyelishona! Nilimkaba ukosi nikamsema mpaka jasho likamtoka. Hakukimbia. Alikaa kwenye benchi, akaomba radhi, akanisimulia habari za bonde, tena akasema amechoka kuogopwa. Kesho yake alirudi kunitengenezea mlango uliokwama. Akazidi kurudi hata milango ilipokwisha, na mama akampa jina la Mabega.

Sasa kaka, kaa chini kwanza. Mabega ameniposa, na mimi nampenda, nampenda kweli. Mama amekubali. Lakini baba hayupo, na bila neno lako siolewi. Ukikataa sitakaidi, ila nitalia mpaka unisikie huko huko.

Usinijibu kwa barua. Njoo umtazame mwenyewe. Msalimie wifi, wabusu watoto, na mama anasema usisahau dawa ya goti.

Mabega atakungoja pale pale kilimani na koti lako, nimeshalifua na kulipiga pasi. Akikuambia simama, tafadhali kaka, simama: anataka kukupokea mzigo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi