Mafuta Yapo ya Kutosha

Bukavu

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si shambani, maana goti lako nalijua na ubishi wako naujua zaidi. Maharage yalikauka kabla ya mvua? Dada Anitha alinipigia akasema paa la jikoni linavuja tena, halafu simu ikakatika, kwa hiyo wiki ya tatu sasa paa hilo linanivujia mimi kichwani. Mwili wangu ni mzima. Kazi ipo kidogo, chakula kinapatikana, mji umenyamaza kuliko nilivyoukuta miaka minne iliyopita. Ila moyo si mzima, Mama, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeanza kunihurumia kabla sijamaliza.

Kuna mzee anaitwa Papa Cirhuza, mwalimu mstaafu wa Cimpunda. Ana gari kuukuu ambalo limenizidi umri. Gia ya pili ilikuwa inachomoka yenyewe kila likiteremka, mpaka Bahati, mwanawe anayeliendesha, akawa anaibana fimbo ya gia kwa goti. Na likisimama bila gia lilikuwa linalia kama mashine ya kusaga. Ukikanyaga klachi, linanyamaza. Hapo nikajua beringi ya mbele ya giaboksi imekwisha. Nilipomwaga oili, ilitoka nyeusi ina vumbi la shaba linalong'aa, na fundi mwenzangu, mtu wa Mwenga aliyewahi kuchimba dhahabu, akasema tuichekeche huenda tukatajirika. Nilicheka sana siku ile.

Mzee alikuwa na haraka. Mkewe, Maman Nabintu, alikuwa mgonjwa, na daktari alishawaambia wakae naye tu nyumbani. Yeye nyumbani hakupaita Cimpunda. Alikuwa anataka Kaziba, kule milimani alikozaliwa. Siku niliyokwenda kulichukua gari alinishika mkono, mkono wake mwepesi kabisa, akaniambia, "Fundi, miye najua naenda kufa. Nataka tu nifike kwetu nikiwa naona." Nikamwahidi.

Nilifanya kazi siku tano. Beringi niliitoa kwenye giaboksi nyingine iliyokufa, na springi ya gia ya pili nikabadilisha. Alhamisi nikafunga kila kitu, nikalishusha gari chini. Ilibaki kutia oili nzito ya gia, na pale gereji ilikuwa imekwisha. Nikaenda Nyawera sokoni kuitafuta, ufunguo nikauacha garini. Nani angelichukua gari lile?

Sasa sikiliza, Mama, maana kosa liko hapa. Kwetu ukisema mafuta ya gari, ni petroli. Huku petroli ni esanse, na mafuta ni ya kupikia, ya kupaka, na ya kulainisha chuma. Pale gereji sichanganyikiwi, kwa sababu mafundi wote oili wanaiita wile, kwa Kifaransa. Bahati alinipigia nikiwa katikati ya wapagazi wanaosukumana, akauliza maneno mawili tu, "Mafuta iko?" Asubuhi ile nilikuwa nimetia lita kumi kwenye tangi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamjibu, "Mafuta yapo ya kutosha." Miaka minne nakaa huku na neno hilo nalijua, lakini sikio lilikuwa bado kwetu Kasulu. Niliporudi na galoni ya oili mkononi, gari halikuwepo. Maman alikuwa amezidiwa, na Bahati aliona wasipoondoka saa ile hawataondoka tena.

Simu yake haikupatikana. Nikachukua pikipiki na galoni yangu mapajani, mvua ikinipiga. Niliwakuta wamekwama kwenye milima kabla ya Nyangezi. Giaboksi ilikuwa imeshikana, inanuka moto, haisogei mbele wala nyuma. Maman Nabintu walikuwa wamemwingiza kwenye nyumba ya watu wasiowajua, kwenye godoro lake. Kulipokucha vijana wa pale walimbeba kwa machela, wakapokezana mabega milima yote ile. Alifika Kaziba amefunikwa uso.

Lakini hilo silo nililoshindwa kukwambia kwa simu. Pale barabarani Bahati aliniuliza, "Si ulisema mafuta iko?" Nikamwambia sili ya giaboksi ilipasuka, oili imevuja njiani. Chini ya gari hapakuwa na tone hata moja, ila mvua ilikuwa inaosha kila kitu, ikanisaidia kudanganya.

Baada ya maziko Papa Cirhuza alikuja gereji kunipa pole. Kunipa pole mimi, Mama. Akasema gari lilikuwa limezeeka, nisijisumbue. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilinyooka tu, hakuna aliyeuliza kitu. Nikawa sili vizuri, nikifumba macho nasikia chuma kikavu kinasagana.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikamfuata kwake nikamwambia yote. Nilikuwa tayari kufukuzwa, hata kupigwa. Yeye aliuliza jambo moja tu, kwetu esanse tunaiitaje. Nikasema tunaiita mafuta.

"Basi ni miye," akasema. "Bahati alitaka kusemaka wile kama wenzake. Ni miye nilimukataza. Nilisema mu nyumba yangu mutu anachagula luga moja."

Nilibisha, nikamwambia kosa ni langu peke yangu. Hakunisikia. Nilikwenda kujitua mzigo, Mama, nikamtwisha mzee aliyefiwa. Kama ningenyamaza ningekuwa mwongo, na yeye angelala usingizi. Niambie wewe kama nilifanya vizuri, maana mimi sijui, na padri sijamuuliza.

Krismasi sitakuja kama nilivyosema. Giaboksi ile iko mezani kwangu, naijenga upya gia moja moja, ili gari limfikishe mzee Kaziba kwenye misa ya kumaliza kilio. Nisalimie dada Anitha, umwambie amalize habari ya paa. Nisalimie mjomba Gervasi wa mashine ya kusaga, na mama mdogo Skola, ambaye najua ndiye atakayekuuliza kwa nini umelia.

Jana jioni Papa Cirhuza alipita gereji. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma, iwapo wile imepatikana.

Mwanao anayekukumbuka,
Filbert